Kufunga klipu kwenye vifaa vya kuzamia: uzi wa nailoni, tai za plastiki, lastiki au oringi?

Mkizi_Mpya
Wakuu habari za humu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nimenunua klipu za chuma, zile zenye komeo, kidude unachokivuta nyuma kwa dole gumba halafu springi inakirudisha, na sasa nataka kuzifunga kwenye vifaa vyangu. Nimeangalia wenzangu wanavyofunga, kila mtu na yake. Zimebaki njia nne:

1. Uzi wa nailoni na fundo
2. Tai za plastiki za mafundi umeme
3. Lastiki, ile kamba ya mpira iliyovikwa kitambaa
4. Oringi nene, ile pete ya mpira, iliyopitishwa kwenye jicho la klipu

Ipi inashika vizuri kuliko zote? Nazamia Jumamosi, hivyo nahitaji kuamua mapema. Natanguliza shukrani.

KinaKirefu
"Vifaa" gani mkuu? Geji ya kupimia hewa ya mtungi? Tochi? Kidomo cha regyuleta, kile cha kupumulia? Mtungi wa pembeni, ule wa ziada unaobebwa ubavuni? Kila kimoja kina jibu lake. Mpira wako wa kupitisha hewa ni ule mweusi wa kawaida au ule uliosukwa kwa nje? Jicho la klipu linazunguka au limeganda? Unavaa glavu? Rudi na majibu tuongee.

Chunusi
Na Jumamosi yenyewe ni ipi 😀

FundiKamba
Wakati tunamsubiri, niseme la jumla. Uzi. Sisemi kwa ushabiki, nasema kwa sababu uzi unakatwa kwa kisu. Kitu chochote kilichofungwa mwilini mwako chini ya maji lazima kiweze kukatwa. Klipu inaweza kujaa mchanga ikagoma, au ukanaswa na mshipi wa wavuvi mgongoni usipopaona. Chuma kilichofungwa kwa chuma huwezi kukikata, labda ushuke na msumeno. Wazamiaji wa mapangoni walishalimaliza hili zamani: kati ya klipu na kifaa lazima pawe na kitu laini.

Kwenye geji nafanya hivi. Nakata uzi uliosukwa wa milimita 2 hivi, dhiraa moja na nusu, kama sentimita 70. Napitisha kwenye jicho la klipu, nazunguka mpira, narudi kwenye jicho, mara tatu au nne, nyuzi zikilala sambamba bila kupandana. Kisha zile nyuzi zilizo kati ya jicho na mpira nazifunga kiuno: ncha moja inazunguka kwenda huku, nyingine kule, mizunguko mitatu minne, nakaza hadi vidole viume. Hapo kitu chote kinakuwa kigumu kama kijiti. Mwisho napiga fundo: kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule mara mbili utapata fundo lililokaa mshazari, na hilo linateleza. Naongeza la tatu juu yake kwa usalama. Nakata nikiacha nusu sentimita, nayeyusha ncha kwa kiberiti cha gesi, kisha nabonyeza lile donge likiwa bado laini kwa ubapa wa kisu kilicholowa.

Watu wanabishana fundo gani, fundo gani. Kwenye kazi hii fundo halibebi mzigo. Mzigo umebebwa na mizunguko. Fundo linazuia kiuno kisifunguke, basi.

Pono
Mimi ni tai za plastiki tu. Dakika moja umemaliza, hakuna moto, hakuna kuhesabu mizunguko. Zangu zina muda mrefu na hazijakatika hata moja. Watu humu wanapenda kuifanya kazi ionekane ngumu.

Bi Pweza
Pono, "hazijakatika" ni mpaka siku zitakapokatika. Plastiki ile ni nailoni ya kumimina, jua linaila. Nyeupe ndiyo mbaya zaidi. Nyeusi ina masizi ndani yake yanayoikinga kidogo na miale. Inapofika mwisho wake haikupi dalili yoyote, haichanuki nyuzi wala hailegei. Inapasuka pale kwenye kile kichwa cha meno. Uzi ukianza kuchoka unauona unatoka manyoya, unabadilisha.

Halafu ile ncha unayoikata kwa mkasi. Inabaki na kona kali inayochana glavu na suti. Kama ni lazima utumie, ikate kwa koleo la ubapa usawa na kichwa, na uweke mbili.

KinaKirefu
Nakubaliana na Bi Pweza kwa hilo. Tai ya plastiki kazi yake ni kushika mpira wa kung'ata kwenye kidomo, na hapo inafanya kazi nzuri sana. Siyo kubeba geji.

Mkizi bado hajarudi.

Mzee_Nanga
Vijana salaam. FundiKamba amegusia chuma kwa chuma, naomba nieleze nilichokiona kwa macho yangu, maana naona wengi wanalichukulia kama kanuni ya darasani tu.

Tulikuwa watatu, tunazunguka meli iliyozama, kina cha wastani, maji yana ukungu kidogo lakini siyo mabaya. Mmoja wetu alikuwa amefunga geji na tochi yake kwa zile klipu za wapanda milima, zenye mlango unaokunjikia ndani. Alishauriwa hivyo dukani, tena akauziwa na pingu ndogo ya chuma ya kuunganishia klipu na pete ya geji. Kwa hiyo ukitazama kuanzia mkanda: pete ya chuma, klipu ya chuma, pingu ya chuma, geji. Hakuna hata sentimita moja ya kamba.

Tabia ya klipu zile ni kwamba hazihitaji mkono wako ili zifunguke. Kamba yoyote ikigusa mlango kwa nje na kuusukuma, inaingia ndani, mlango unajifunga nyuma yake. Tulikuwa tunapita ubavuni mwa meli ambako kulikuwa na kamba nzee ya nanga, imelegea, imejaa kome na uchafu. Jamaa akajisogeza karibu kuchungulia tundu, kamba ikaingia kwenye klipu ya nyonga. Yeye hakujua. Alichojua ni kwamba anapiga mapezi na haendi.

Mtu akishikwa kitu cha kwanza anachofanya ni kuvuta. Alipovuta, kamba ikakaza, na ikikaza inaukandamiza ule mlango kutokea ndani, kwa hiyo hata ukiwa na vidole vya chuma huwezi kuufungua mpaka kamba ilegezwe. Kuilegeza lazima urudi nyuma, na kurudi nyuma ndicho kitu ambacho mtu aliyeingiwa na hofu hataki kusikia. Mwenzangu mwingine alimshika mabega kumtuliza, mimi nikashuka kwenye nyonga. Nikaona tatizo mara moja, nikatoa kisu, na nikabaki nimekishika tu. Nikate nini? Kila nilichokigusa ni chuma. Mkanda wenyewe ulikuwa na sahani ya mgongoni na mtungi juu yake, sikuthubutu kuukata kwa kina kile.

Ikabidi nikate kamba ya nanga yenyewe. Nene, ngumu, imeota vitu juu yake, na kisu kilikuwa kile cha kuvaa mguuni ambacho mtu hukinoa siku anayokinunua. Nilisaga ile kamba wakati jamaa anavuta hewa kwa pupa. Tukumbuke kwamba kwenye mita 20 shinikizo ni mara tatu ya lile la juu ya maji, kwa hiyo kila pumzi inakula hewa mara tatu. Ilikatika. Tulipanda taratibu, tukasimama pale mita 5 kama inavyotakiwa, akimalizia hewa kwa kidomo cha akiba cha mwenzetu.

Kama ile klipu ingekuwa imefungwa kwa uzi wa milimita 2, ningekata mara moja tu, geji ikaning'inia, tukaendelea na maisha. Hayo ndiyo yangu.

Chunusi
Mzee shikamoo. Hii ndiyo sababu niliingia humu leo.

Mzee_Nanga
Marahaba.

Msumari
Mzee Nanga asante, ila naomba kuuliza: tatizo hapo lilikuwa chuma kwa chuma, au lilikuwa aina ya klipu? Kwa sababu angekuwa na klipu ya komeo kama za Mkizi, kamba isingeingia kabisa.

Mzee_Nanga
Yote mawili, kijana. Klipu mbaya ilimnasa, chuma kikamzuia kutoka.

Mkizi_Mpya
Samahani nilikuwa kazini. Mzee Nanga hiyo imenitisha kweli. Majibu: ni geji na kidomo. Na tochi labda. Uzi nilionao ni ile kamba ya parachuti, nilikuwa nayo nyumbani.

KinaKirefu
Mpira? Jicho? Glavu? Nimeuliza vitu vinne umejibu kimoja na nusu.

FundiKamba
Kamba ya parachuti sikushauri hivyo ilivyo. Ile ina ganda la nje na nyuzi saba au zaidi ndani yake. Ukiikaza ganda linateleza juu ya nyuzi za ndani, fundo linakuwa bonge, na halilali. Ukitaka kuitumia, vuta nyuzi za ndani zote zitoke, ubaki na ganda peke yake. Linakuwa bapa, linashika vizuri, na nguvu inayobaki inatosha kabisa, hatuning'inizi gari hapa. Bora zaidi tafuta uzi wa rili za mapangoni, ule uliosukwa ambao wazamiaji wa mapangoni wanautandaza kuonyesha njia, namba 24 kwa vitu vidogo au namba 36 kama una klipu kubwa.

Msumari
Kwa nini msitumie ule uzi wa Dyneema, ule wa plastiki yenye nguvu sana? Kwa unene uleule una nguvu mara nyingi kuliko nailoni, haunywi maji, haulegei.

FundiKamba
Kwa sababu unateleza. Fundo linaloshika kwenye nailoni linajifungua lenyewe kwenye ule uzi. Na unayeyuka mapema, karibu nyuzi joto 150, wakati nailoni inafika 220 na zaidi kabla haijayeyuka, kwa hiyo ncha zake hazikupi lile donge zuri la kuzuia. Zaidi ya yote, ni mgumu kukata. Rudi kasome alichoandika Mzee. Tunatafuta kitu kinachoshika kila siku na kinachokubali kisu siku moja. Nguvu ikizidi inakuwa tatizo.

Bi Pweza
Hapo kwenye kidomo sasa ndipo nataka tuongee, maana FundiKamba amejibu kwa geji na watu watachukua wafunge na kidomo hivyohivyo.

Geji nikubali, uzi. Hakuna mtu atakuja kuinyakua geji yako. Lakini kidomo kinaombwa. Mwenzio akiishiwa hewa hakuja kukuomba kwa adabu, anakuja kunyakua. Kama kidomo kimeklipiwa kifuani kwenye pete ya D na umekifunga kwa mizunguko minne na kiuno, ataking'ang'ania hapo kifuani mpaka mtapigana. Ndiyo maana mimi kwenye kidomo natumia oringi: inapita kwenye jicho la klipu, inazunguka mpira, na mtu akivuta kwa nguvu inakatika, kidomo kinatoka, klipu inabaki kwenye pete. Kwa kazi ya kila siku inashika. Kwa dharura inaachia.

KinaKirefu
Bi Pweza kwa heshima zote naomba kutofautiana. Mpangilio wa mpira mrefu, ule wa mita 2.1, unasema hivi: unachompa mwenzio ni kile kilicho mdomoni mwako, wewe unachukua cha akiba kilicho shingoni. Kidomo cha mpira mrefu kikiwa kimeklipiwa kifuani maana yake hukitumii, uko kwenye mtungi wa pembeni au uko juu ya maji. Wakati mwingi wa kuzamia klipu ile inaning'inia tupu. Kwa hiyo hakuna cha kunyakua kifuani. Na kama uko kwenye mtungi wa pembeni, mazoezi yako ni kuifungua klipu kwa dole gumba na kumpa, sekunde moja.

Oringi inayokatika, inakatika pia usipotaka. Unapita kwenye mlango mwembamba, inashikwa, inakatika, kidomo kinaburuzwa mchangani nyuma yako na hujui. Siku unapokihitaji kimejaa mchanga.

Bi Pweza
"Mazoezi yako." Mkizi anazamia Jumamosi na hajui mpira wake ni wa aina gani. Mazoezi yapi?

KinaKirefu
Ndiyo maana namwuliza maswali.

Bi Pweza
Na mimi ndiyo maana nampa kitu kitakachomsaidia hata kama hajui. Siyo kila mtu ni wa mapangoni. Wengi humu wanazamia na mtu waliyekutana naye asubuhi ileile kwenye boti. Huyo mgeni hajui habari za kilicho mdomoni na kilicho shingoni, ataenda kwenye kile anachokiona.

Kasa77
Wote mko sawa, mnaongelea watu tofauti. Mkizi una mpira mrefu au wa kawaida?

Mkizi_Mpya
Wa kawaida nadhani. Umesukwa kwa nje, rangi ya bluu. Jicho linazunguka. Glavu sivai, maji si baridi.

Kasa77
Sasa tunaanza. Mpira uliosukwa ni mtelezi, uzi ukifungwa katikati yake utatembea. Kuna njia mbili. Ya kwanza, funga mwishoni kabisa, pale penye ile bomba fupi ya chuma inayobana mpira. Uzi ukiwa nyuma tu ya ukingo wa chuma hauwezi kupita kwenda kwenye geji. Ya pili, weka kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya baiskeli chini ya uzi, ukikaza kinauma pande zote mbili.

Tena kabla hujafunga, pitisha kidole ndani ya jicho la klipu. Za bei rahisi zina ukingo mkali uliobaki kiwandani, na ule ndio unaokata uzi taratibu, siyo mzigo. Msasa laini kidogo unamaliza.

FundiKamba
Kwa mpira uliosukwa mimi naanza na fundo la kukaba kwenye mpira wenyewe: zungusha uzi mara mbili ukipishana katikati, kisha ncha ipite chini ya mapishano yote mawili, vuta pande zote. Likishakaza halirudi, utalitoa kwa kukata tu. Baada ya hapo ndipo naingia kwenye jicho la klipu na kuendelea na mizunguko kama nilivyoeleza. Halitembei hata kwenye mpira mtelezi.

Msumari
Unafunga uzi ukiwa mkavu au umelowa?

FundiKamba
Mkavu. Uliolowa unateleza mikononi na hauyeyuki vizuri.

Msumari
Basi hapo nakupinga. Nailoni inakunywa maji na ikilowa inavutika zaidi kuliko ikiwa kavu, na nguvu yake inapungua kidogo. Fundo ulilokaza kavu sebuleni, ukifika chini linalegea. Loweka uzi kwanza, funga ukiwa na unyevu, acha ukauke, utakaza wenyewe. Ncha ndizo unazisubiri zikauke ndiyo uyeyushe.

FundiKamba
Na ukirudi majini si unalowa tena, unavutika tena? Umepata nini?

Msumari
Unalowa ndiyo, lakini umeukaza ukiwa kwenye hali ambayo utakuwa nayo ukiwa kazini.

Kasa77
Tumieni polyesta mlale. Haivutiki kihivyo na maji karibu haiingizi. Inayeyuka kama nailoni, na jua inalistahimili vizuri zaidi.

FundiKamba
Polyesta nakubali. Ila nailoni kwa kufunga ina raha yake, inajibana.

Chunusi
Hawa wawili waachieni chumba.

Dagaa_Mkubwa
Niongeze kuhusu kuyeyusha, maana imetajwa juujuu. Nailoni iliyoyeyuka inadondoka, na tone likigusa ngozi linaganda palepale, halifutiki. Na ule mpira wa regyuleta uko sentimita moja kutoka kwenye moto wako. Weka ubapa wa kijiko au kitambaa kilicholowa kati ya moto na mpira. Mwali unausogeza karibu na ncha, huugusishi, ncha inajikunja yenyewe. Ikiwaka na kutoa moshi mweusi umezidisha, na donge lililoungua linavunjika.

Regyuleta isiwe imeunganishwa na mtungi wakati unafanya hivyo. Hasa kama unatumia mchanganyiko wenye oksijeni nyingi. Moto na oksijeni havikai meza moja.

Pono
Tai ya plastiki haihitaji moto 🙂

Bi Pweza
Pono!

Pono
Nasema tu. Kwa tochi ya akiba, tai mbili nyeusi, unabadilisha kila msimu. Kuna ubaya gani?

Kasa77
Kwa tochi ubaya mdogo, isipokuwa unapoteza tochi. Lakini tochi nyingi zina tundu nyuma, uzi unapita hapo, unapiga kitanzi, unakipitisha kwenye jicho la klipu na kuipitisha klipu yenyewe ndani ya kitanzi. Hakuna hata fundo upande wa klipu, kitanzi kinajikaba chenyewe, na ukitaka kubadilisha klipu unaitoa bila kukata kitu. Ni kazi rahisi kuliko tai.

Kitanzi chenyewe kifungwe kwa lile fundo ambalo kila ncha inaizunguka mwenzake mara mbili na kujipitia, ukivuta mafundo mawili yanakutana na kugandana. Wavuvi wanaunganisha mishipi hivyo. Halifunguki.

Mkizi_Mpya
Hiyo ya kitanzi nimeielewa kirahisi kuliko zote. Naweza kufanya hivyo kwenye geji pia?

Kasa77
Kwenye geji itacheza sana. Tochi inaruhusiwa kuning'inia, geji unataka ilale palepale nyongani kushoto, uivute uisome, uirudishe bila kutazama. Mizunguko na kiuno ni bora.

KinaKirefu
Na kiuno kiwe kifupi, lakini siyo kifupi mno. Kati ya jicho na mpira paingie ncha ya kisu. Kuna watu wanakaza mpaka klipu imelala juu ya mpira, halafu hakuna pa kukatia bila kukata mpira wenyewe, na mpira wa geji una shinikizo lote la mtungi, bar 200 na zaidi. Ukiukata hapo una shida mbili badala ya moja.

Mzee_Nanga
Hilo ni la maana sana. Na kisu kijaribiwe nchi kavu. Chukua kipande cha uzi uleule, kikaze, ukate kwa mkono mmoja. Mkasi wa waokoaji wenye ncha butu ni mzuri kuliko visu vingi vinavyouzwa kwa wazamiaji, na hauchomi mtu.

Dagaa_Mkubwa
Swali la pembeni: klipu zenu ni chuma au shaba? Mimi zangu za shaba zimekuwa kijani lakini komeo linateleza vizuri. Za chuma nilizokuwa nazo zilianza kutoa kutu.

Msumari
Zilizotoa kutu huenda zilikuwa chuma cha daraja la 304. Ya baharini ni 316, ina molibdeni ndani, inastahimili chumvi. Wauzaji wengi wanaandika "haishiki kutu" wakaishia hapo.

Dagaa_Mkubwa
Na springi ya ndani?

Msumari
Hiyo ndiyo inayokufa kwanza kwenye zote, za shaba na za chuma. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukilivuta komeo mara kadhaa likiwa ndani ya maji, siyo kumwagia juu tu. Chumvi ikikaukia humo komeo linakuwa zito.

Pono
Shaba ni laini, inalika pale komeo linaposugua.

Dagaa_Mkubwa
Inalika taratibu sana. Zangu nitawaachia watoto.

Chunusi
Urithi wa klipu 😂 ndugu wataenda mahakamani.

Bi Pweza
Turudi kwa Mkizi. Mwanangu, ulisema lastiki pia. Lastiki usiiweke kati ya klipu na geji, inayumba, na ikichoka ndani huioni kwa sababu kitambaa cha nje kinabaki kizuri. Mahali pake ni shingoni, kushikilia kidomo cha akiba chini ya kidevu: inapita kwenye kidomo, fundo moja la kawaida kila upande, kitanzi kinavaliwa shingoni. Kidomo kikivutwa kwa nguvu kinatoka, na ndivyo tunavyotaka.

KinaKirefu
Hilo tunakubaliana kwa asilimia mia. Andika tarehe.

Bi Pweza
Nimeandika. Bado oringi.

KinaKirefu
Bado uzi.

Mkizi_Mpya
Kwa hiyo nimeelewa: geji uzi, mizunguko na kiuno, nyuma ya ile bomba ya chuma. Tochi kitanzi. Kamba ya parachuti naitoa nyuzi za ndani. Kidomo bado sijui, maana hapa mmegawanyika. Nimefunga geji jana usiku, mara ya kwanza fundo lilikaa mshazari, nikafungua nikarudia. Nimeweka picha kwenye ukurasa wangu.

FundiKamba
Nimeiona. Mizunguko iko vizuri. Kiuno kimelegea upande wa klipu, ishike klipu kwa koleo na uvute mpira kwa uzito wa mwili, ukiona nyuzi zinatanuka rudia. Ncha moja hujaibonyeza, itakukwaruza.

Kasa77
Mbona klipu inaangalia juu?

Mkizi_Mpya
Inatakiwa iangalie wapi?

KinaKirefu
Jicho linazunguka, haina shida. Ila naona klipu ni kubwa kwa geji. Hiyo ni ya mtungi wa pembeni.

Dagaa_Mkubwa
Kubwa si mbaya, akija kuvaa glavu siku moja ataishukuru.

KinaKirefu
Kasema maji si baridi.

Dagaa_Mkubwa
Leo si baridi.

Pono
Wakuu, mwenye uzoefu wa zile klipu za pande mbili kwenye rili ya boya anieleze. Yangu inajifungua upande mmoja kila nikitupa boya. Nifungue uzi mpya au nianze hapahapa?

Chunusi
Ifunge kwa tai ya plastiki.

Msumari
Anza hapahapa. Rili ni ya plastiki au alumini? Na unaiklipu kwenye tundu au kwenye uzi?